Simba wa Chini ya Viazi

Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mpangilio msinidai. Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa nakaa kwa binti yangu huko ng'ambo, mji wa Adelphi, na mchana namtunza bibi mmoja wa Kizungu aliyepotewa na kumbukumbu, na sasa amekataa kula. Ukimletea kijiko anakaza meno. Daktari alishasema, asipokula hatuvuki naye baridi.

Kabatini alikuwa na sahani sita za kaure, za Paris, za zamani, tangu nchi ya kina bibi ilipokuwa bado changa. Pembeni dhahabu nyembamba kama unywele, katikati mnyama na kichaka chake. Chui anakunywa maji. Tembo mwenye masikio ya mbwa. Na simba, lakini simba gani! Uso wa mtu, kama shemeji yangu akiombwa kuni. Aliyemchora hakuwahi kumwona. Wala mimi, kwetu milimani tulimsikia tu.

Sasa, kwetu mgonjwa hupakuliwa kwenye chombo cha wageni, apate hamu. Nikamwekea viazi vya kuponda juu ya simba. Bibi akachungulia.

"Kuna nani chini?"

"Kula utamwona."

Akala! Likatokea sikio, akacheka. "Mume wangu huyu, ndiyo anaamka."

"Mfukue basi, bibi, asikose hewa."

Akamaliza vyote. Mwanawe, mtu mwenye mvi zake, alipoziona sahani mezani alishika kichwa. Kisha akamtazama mama yake anavyotafuna, akaniambia: "Zitumie, mama. Ila usizitie kwenye mashine. Osha kwa mkono."

Mkono wangu hakuujua. Mimi nimelelewa na shangazi aliyekuwa akiinua sufuria juani, akiona doa anakurudisha mtoni. Chombo kichafu ni aibu yako wewe mwanamke. Na hizi za heshima nilizikazia zaidi: waya wa sufuria, sabuni ya unga, dole gumba. Macho yangu nayo mabovu. Dhahabu ilipoanza kutoka nilidhani ni uchafu wa miaka, nikafurahi.

Miezi mitano hivi. Siku moja bibi akasimamisha kijiko.

"Yuko wapi?"

"Yuko chini kabisa, endelea."

Akaendelea, maskini, mpaka mwisho. Sahani nyeupe, na kipande cha mkia.

"Ameondoka," akasema.

Nikamletea chui, amebaki ukungu. Tembo, vilevile. Bibi akafunga mdomo, na mimi sikuweza kuufungua tena.

Mwanawe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa na sahani pajani, anapitisha kidole pale palipokuwa na uso. Tulimzika mama yake theluji haijayeyuka.

Binti yangu mpaka leo hunituliza: "Ulikuwa ugonjwa, mama, si sahani."

Yeye hakuwepo. Mimi nilimwona bibi akila.