Kazi ya Mkwe

Basi lilitoka Mbeya alfajiri. Tulipoiacha Tunduma na kuanza kupanda kuelekea Ufipa, nilifunga dirisha nikavaa masweta yote mawili niliyokuwa nayo. Nilishakaa miji mingi, kila nilipouzoea mmoja nikahama. Sumbawanga nilikwenda kupima mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, nikapanga chumba mtaa wa Kizwite kwa mama mjane aliyebaki na binti yake wa mwisho.

Binti alichumbiwa na kijana wa kijiji cha Chala. Siku ya kutambulishwa, mama alimuuliza kazi yake.

"Nanunua na kuuza sarafu za kidijitali, mama."

"Ziko wapi?"

"Hazishikiki. Zinakaa kwenye simu."

Mama alimwongezea chai. Kijana alipoondoka, tukiota moto jikoni, mama aliniambia hawezi kumtoa mwanawe kwa mtu ambaye hata kazi yake yeye mama hataweza kuitaja kwenye jumuiya ya kanisa.

"Wewe umetembea, mwanangu. Hilo neno limetoka wapi?"

Nilimweleza nilichokijua. Sarafu tumeipata kwa Waarabu, kwa wale waliokaa sokoni wakibadilisha fedha za wageni. Dijitali Wazungu wameitoa kwenye Kilatini, neno lenye maana ya kidole, maana watu walianza kuhesabu kwa vidole.

"Kilatini kile cha misa ya zamani? Alichokuwa akiimba marehemu mama?"

"Hicho hicho."

"Basi limebatizwa," akasema, akacheka. Akasogeza kuni motoni. "Ila yeye bado sijamjua."

Kwao posa haikutimia bila jembe. Kijana alituma ujumbe kwamba atalipa thamani yake kwa simu. Mama akakataa: alete jembe, tena alete mwenyewe. Akaja nalo, limefungwa gazeti. Mama akampeleka nyuma ya nyumba, penye nyasi za masika, akamwambia apige tuta moja. Binti alisimama mlangoni akiuma pindo la kanga. Mimi nilijifanya napasua kuni.

Kijana alivua viatu. Hakufyeka. Alizikata nyasi pamoja na udongo wake, akazipindua, akazifunika katikati hadi tuta likawa duara, zioze humo ziwe mbolea, kama walimavyo wazee wa kule.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi. Alikuwa hanipi uji kabla sijamaliza langu."

Mama alilizunguka tuta. "Pale nyasi zimechungulia."

Kijana akainama akazifukia. Mama akamwita binti alete maji ya kunawa.

Jumuiyani alimtaja bila kusita: mkwe wangu ni mtu wa sarafu za vidole. Waliotaka maelezo zaidi aliwaleta kwangu.

Masika yaliyofuata niliondoka, na sijarudi. Nilipokwenda kumuaga mama, alikuwa nyuma ya nyumba na jembe lile. Tuta la mkwe, nyasi zilipokwisha kuoza, alishalisambaza, na ulezi ulikuwa umeota juu yake.

"Mwenzako wa Chala amepiga simu," akasema, akimaanisha binti yake. "Mumewe ameanza matuta."

Akanifungia unga wa ulezi wa safari, akarudi kupalilia.