Bi Rahila na Mraba Uliosimama kwa Pembe

Kwa miaka kumi na moja Bi Rahila Msabah alipika uji katika skuli moja ya maandalizi iliyopo Jang'ombe, na muda wote huo hakuwahi kuingia darasani ila kwa kufagia. Watoto akiwapenda mno, na wao wakimganda kama kupe. Mlango wa darasa ndio uliomtia baridi. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa hesabu alimsimamisha mbele ya wenzake kwa kushindwa kugawanya, akawaambia wamtazame vizuri mtu ambaye hesabu zimemkataa. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Rahila aliliamini neno lile, akaishi nalo hadi akapata wajukuu.

Asubuhi moja mwalimu mkuu, Bi Nusrat, alimfuata jikoni.

"Bi Rahila, nataka unishikie darasa la watoto wa miaka minne. Mwalimu Sumaiya kajifungua kabla ya siku zake, na mimi sina mtu."

"Mie? Mie nnajua mwiko tu, mwalimu."

"Watoto wanakusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Na miezi hii ni maumbo tu: duara, mraba, pembetatu."

"Kwani hayo si hesabu?"

"Ni hesabu."

"Basi umeshaniua," alisema Bi Rahila, huku anajifuta mikono kwa kanga.

Siku ya kwanza, kwa wasiwasi, pembetatu aliyoichora ubaoni ilitoka kichwa chini, ncha inatazama sakafu. Ulfat, mtoto mwembamba mwenye maneno mengi kuliko umri wake, alisimama.

"Mwalimu, hiyo si pembetatu. Imeanguka."

"Imeanguka!" wakaitikia wenzake wote.

Bi Rahila akaitazama karatasi ya maumbo iliyobandikwa ukutani. Kweli, pembetatu zote pale zilikuwa zimekaa kitako, ncha juu. Watoto hawakuwahi kuiona nyengine. Akawaza kidogo, kisha akaliendea kapu lake. Jioni huuza sambusa barazani kwake, na siku ile alikuwa na manda za kufungia sambusa alizozinunua njiani. Akachukua moja, akaikunja mbele yao kwa vidole vilivyoizoea kazi hiyo.

"Nini hii?"

"Sambusa!"

Akaigeuza ncha chini. "Na sasa?"

"Sambusa!"

Akailaza ubavu. "Haijaanguka?"

Darasa zima likacheka. "Sambusa haianguki!" alisema Ulfat.

"Ehe. Basi tuhesabu pembe zake." Wakazigusa mmoja mmoja kwa kidole: moja, mbili, tatu. Wakaigeuza, wakahesabu tena. "Zikiwa tatu na pande zimenyooka, hiyo ni pembetatu, hata ikilala chali."

Tangu hapo Bi Rahila akaanza kuingia darasani bila ya kusoma dua mlangoni. Walitafuta maduara kwenye vifuniko vya masufuria, wakapanga vigae vya kadibodi sakafuni. Wiki ya tatu, Ulfat aliushika mraba wa kadibodi akausimamisha kwa pembe.

"Mwalimu, na hii nini?"

"Hiyo si mraba tena, mwanangu. Hiyo almasi, kama kito cha kwenye pete."

Ulfat akalipokea neno kama zawadi. Kutwa nzima alimfuata kila mtu kumweleza kwamba mraba ukiuzungusha unakuwa almasi.

Alasiri ile Bi Rahila alikuwa kwake anakata kashata. Alikata vipande vya mraba, kama siku zote, na kimoja alipokiweka kwenye sahani kikazunguka, pembe ikamwelekea kifuani. Mkono ukasita. Hakuna alichokipunguza wala alichokiongeza. Pande ni zile zile, pembe ni zile zile nne.

"Lo! Nimewadanganya watoto," alisema peke yake.

Kicheko cha darasa la nne akakisikia upya. Nani angejua? Watoto wa miaka minne! Lakini akamuona akilini Ulfat anavyolitembeza lile neno kwa imani yote, kwa sababu tu limetoka kwake. Kashata zile hazikuwa na ladha tena.

Asubuhi alipoingia alimkuta Bi Nusrat amekaa kwenye kiti cha nyuma, amekuja kumtazama anavyosomesha. Angeweza kuanza wimbo wa namba siku ikapita salama. Badala yake akauinua mraba wa kadibodi.

"Wanangu, jana nilikwambieni uongo bila ya kujua. Ulfat, njoo unisaidie."

Ulfat akauzungusha mraba polepole, anahesabu pembe kwa sauti. Nne. Akauzungusha tena. Nne. Wakapima pande kwa kipande cha uzi, zote zikawa sawa.

"Sasa umesimama kwa pembe. Ni kitu gani?"

Ulfat akakunja uso. "Mraba." Kisha akamtazama juu. "Mwalimu, kumbe wewe ulikosea?"

"Naam. Nilikosea."

Mtoto akampapasa mkono, kama mtu mzima anayemliwaza mwenziwe. "Si kitu. Jana hukuhesabu. Leo umehesabu."

Bi Rahila akacheka huku machozi yanamlengalenga, na kule nyuma Bi Nusrat alikuwa anafuta miwani yake.

Mwalimu Sumaiya aliporudi baada ya miezi mitatu, alikuta watoto wake wanakunja karatasi za mraba kuwa pembetatu mbili na kuzibishania kwa ushahidi wa vidole. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu.

"Mtafute mpishi mwengine," alisema. "Huyu Bi Rahila nnamtaka mimi, tusomeshe pamoja."

Sasa, kila Jumamosi, Bi Rahila huhudhuria mafunzo ya walimu wa maandalizi pamoja na wasichana wa umri wa binti zake. Hukaa safu ya mbele, na asipofahamu jambo hunyoosha mkono.