Kichwa cha Nguruwe

Mwalimu wa binti yangu, pale Mpumudde, aliandika kwenye ripoti, kwa Kiingereza, kwamba mtoto ana kichwa cha nguruwe. Nguruwe! Sisi Waislamu, tusiomtaja hata jina wakati wa kula! Na kosa la mtoto lilikuwa nini? Alikataa kula kuku wa shule kabla ya kuambiwa nani amemchinja.

Nilikwenda shuleni nimefura kwa hasira. Mwalimu akacheka.

"Mama, huo ni msemo tu wa Kizungu, maana yake mkaidi. Wanasema pia nyumbu, wanasema fahali. Chagua unayemtaka."

Yaani nichague mnyama wa kumtukania mwanangu! Niliondoka bila kuaga.

Mwezi haukuisha, mwalimu yule akabisha mlangoni kwangu na majogoo wawili wamefungwa miguu. Binti yake ameposwa na Waislamu wa Nkoma, kule Mbale, na kesho wakwe wanakuja kula. Alitaka mume wangu amchinjie.

Sikumkaribisha ndani.

"Hao wakwe zako wakiuliza nani amechinja," nikamwambia, "utawachagulia mnyama gani?"