Bia ya Nyumba ya Saitama

Kwetu Lubumbashi, kitu kilichonunuliwa bila kumwagiwa bia bado si chako. Iwe gari, kiwanja, hata friji: kaka mkubwa anafungua chupa, anaomba Mungu, anamwaga kidogo mlangoni, ndipo watu wanakunywa. Tunaita kuarroser. Hapa Brussels tumeacha mengi, lakini hilo hatukuliacha.

Ndiyo maana kreti ya bia ya wifi yangu Lucienne ilikaa wiki nyingi jikoni kwake Saint-Josse bila kuguswa, nami nikiitazama kwa uchungu kila nilipopita.

Lucienne anahudumia wazee katika makao yao kule Uccle, mtaa wa wenye pesa. Alitaka nyumba ya kupangisha, imlishe akistaafu, lakini bei za hapa zilimcheka usoni. Mwanawe Joël, anayefanya kazi Japani, akamwambia kwamba Saitama, pembeni mwa Tokyo, apatimenti za zamani huuzwa kwa bei ya gereji ya Uccle. Akanunua moja, katika jengo la umri wake mwenyewe, na mpangaji yumo: bibi mjane, mkazi wa siku nyingi. Kwa anayetafuta faida hiyo ni bahati, kodi inaingia mara moja. Ila nyumba ikiwa na mtu, mwenyewe haingii ovyo. Hata Joël, aliyeshughulikia kila kitu, hakuwahi kuvuka ule mlango.

Na kaka mkubwa ni mume wangu Constant. Kichwa chake nakijua.

"Lucienne, nyumba yenye hauyaingia, njo nyumba gani?" alimwambia mbele ya watu; kwake, nyumba ambayo hujaiingia, unayoijua kwa picha tu, si nyumba. "Mi siwezi kukunywa bière ya photo."

Lucienne alicheka na wengine. Baadaye nilimkuta jikoni analia. Alimlea Joël peke yake, na hiki kilikuwa kitu chake cha kwanza cha maana. Bila kinywa cha kaka yake kuibariki nyumba, alijiona amenunua upepo. Nilikasirika, sifichi.

Nikampigia Joël simu mimi mwenyewe. Nikamwambia anunue bia, aende akaimwage pale nje ya mlango, sisi tutazame. Saa yao ikatulazimisha kukutana sebuleni kwa Lucienne Jumamosi saa nne asubuhi, tumevaa nguo za kanisani, simu imeegemezwa kwenye kreti. Constant nilimburuta.

Joël akamimina. Mlango ukafunguka. Akatoka yule bibi mpangaji, mdogo wa umbo, mwenye kitambaa mkononi, akapiga magoti na kupangusa baraka yetu yote, hata tone halikubaki. Constant akakunja mikono na kunitazama. Nikatamani sakafu inimeze.

Joël aliinama, akaeleza kwa Kijapani, akaeleza tena. Bibi akaziba mdomo kwa mkono. Kisha Joël akatutafsiria: tangu nyumba iuzwe bibi alikuwa halali vizuri, akiogopa kwamba mwenye nyumba mpya atamtoa. Na anaomba radhi kwa kupangusa. Anaomba tumwage tena, ila safari hii ndani, pale watu wanapovulia viatu, maana ndipo nyumba inapoanzia.

Akaishika simu yeye mwenyewe ili Joël awe na mikono yote miwili. Bia ilipomwagika akaigeuza simu, tukamwona uso, akatuinamia.

Constant akasimama, akafunga vifungo vya koti, akainama naye mpaka nikahofia mgongo wake. Kisha akaomba, na maombi yake si mafupi, bibi kafumba macho kule Saitama kana kwamba anaelewa kila neno.

"Joël, umuambie abakie," alisema Constant alipomaliza. "Nyumba ya dada yangu iko na mama ndani."

Akafungua chupa ya kwanza, akampa Lucienne. Wifi yangu akalia tena, safari hii mbele ya watu wote.