Tuliombea chemchemi chini ya miti iliyoikausha

Leo mama yangu amekatiza maombi ya kanisa zima, na mpaka saa hii sijui nimwambie nini.

Chemchemi yetu hapa Githongo imekauka. Kwa hivyo baada ya ibada mchungaji alitupeleka pale tuombe maji yarudi.

Jua lilikuwa kali. Tukajibanza kwenye kivuli cha mikaratusi.

Hiyo mikaratusi ilipandwa na akina mama wa kanisa, kandokando ya maji, kama shukrani ya mavuno. Mama ndiye aliyeomba siku ya kuipanda, kwamba Mungu aikuze haraka.

Ikakua. Na mnajua vile mkaratusi hunywa maji.

Leo wakamwambia mama aongoze tena. Akaanza vizuri tu. Halafu akafungua macho, akatazama matawi juu yetu.

"Baba, wewe ulitujibu," akasema. "Ni sisi hatukujua tunaomba nini."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Kama ni mama yako, ungemwambia nini?

Nilipomshika mkono twende nyumbani, ndio nikaona alikuwa amekuja na mtungi. Asubuhi aliamini ataurudisha umejaa.