Mkono Uwe Karibu

Wanafunzi wa tiba ya viungo walimpachika mwalimu wao jina la Mama Subiri, naye alilijua fika ila alijitia hamnazo. Kila asubuhi alisugua viganja vyake mpaka vipate moto ndipo amguse mgonjwa, na mwanafunzi mwenye mikono ya baridi alirudishwa mlangoni akaisugue upya. Mgonjwa akiyumba kwenye vyuma vya kujifunzia kutembea, wanafunzi wakataka kumrukia, mwalimu alisema tu, "Subiri. Mkono uwe karibu, usimshike. Ukimshika, umetembea wewe." Binti mmoja aliyewahi kumdaka mzee wa watu kiunoni kabla hata hajayumba alilazwa kitandani yeye mwenyewe, akageuzwageuzwa kama gunia la mkaa mpaka akaelewa uchungu wa kubebwa.

Siku ya kumtunuku Mama Subiri, ukumbi ulijaa waliopita mikononi mwake. Jukwaa lilikuwa na ngazi, na goti lake lilikuwa limeshachoka. Binti yule, ambaye sasa ndiye mkuu wa kitengo, alikwenda kusimama nyuma yake. Mwalimu akatanguliza mguu mzima, akauvuta ule mbovu, akayumba. Ukumbi mzima uliinuka nusu kwenye viti, na hakuna hata mmoja aliyekimbia.

"Mkono wako uko wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Uko karibu, mwalimu."

"Una moto?"

"Nimeusugua tangu mlangoni."

"Basi uache hapo hapo," akasema, akaimalizia ngazi mwenyewe.