Maharage Yaliyoungua Masumbwe

Juzi nilikuwa ofisi ya mtendaji, Masumbwe. Mbele yangu alisimama mama aliyehamia kutoka Dar, akiomba barua ya utambulisho ili mwanawe apokelewe shule.

"Nani anakufahamu hapa?" mtendaji akamuuliza.

"Hakuna. Nina wiki tatu tu, na muda wote nipo ndani."

"Basi barua haipo."

Bibi mmoja akainuka kwenye benchi. "Mimi namfahamu, ni jirani yangu. Anafagia uwanja alfajiri, mwanawe ana kikohozi, na Jumapili aliunguza maharage, harufu ikanifikia jikoni."

Mama wa Dar akajiziba mdomo.

"Anaitwa nani?" mtendaji akauliza, kalamu mkononi.

"Jina sijui. Bado namsubiri aje kunisalimia."

Mama akapiga goti palepale. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, jina?"

Ofisi nzima ikacheka, na muhuri ukagongwa.

Nami nilipokuwa Dar nilipanga nyumba moja na familia sita. Majina yao yote ninayo kwenye simu mpaka leo, lakini nikiulizwa nani kati yao aliwahi kuunguza maharage, barua haipo.